Dola 1,400 kwa kompyuta ya gemu: je, ni bei ya haki?

«Mwanangu ana miaka 18, amefaulu Exetat, mtihani wa serikali, na ameanza polytechnique (uhandisi) pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilimwahidi kompyuta. Yeye anataka ya kuchezea gemu, anasema hiyohiyo itamfaa kuchora plani za masomo. Mwezi wa nane muuzaji mmoja wa mjini alitupa bei ya dola 1,250 kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) ya RTX 5060 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya giga 16. Nimerudi na pesa mwezi wa kwanza, ananiambia sasa ni 1,400, eti RAM imepanda dunia nzima. Ana pia laptop ya 1,150. Mwaka 2017 kaka yake mkubwa aliunganisha ya kwake kwa dola 700 na ilicheza kila kitu. Mjomba wao anasema tunaibiwa: shaba na kobalti zinatoka hapa Katanga kwa bei ya bure, zinarudi zikiwa dola elfu moja. Na gemu moja ni dola 70! Bei hizi ni za haki? Nilipe, nisubiri, au nimwambie aache?»

Mama, nimekuelewa. Kati ya mwezi wa nane na wa kwanza umeongezewa dola 150 juu ya mashine ileile, na hakuna aliyekuonyesha kilichobadilika ndani yake. Unataka kujua kama unaibiwa, na ni nani anayekuibia. Bei hiyo ina sehemu za haki na sehemu ambazo mimi siwezi kuzitetea, na hazitoki mkononi mwa mtu mmoja. Nianze na huyo muuzaji, maana ndiye anayeshukiwa kwanza, na katika jambo la RAM amekuambia kweli.

RAM ya kompyuta karibu zote duniani inatoka kwa makampuni matatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Viwanda vyao vina uwezo wenye kikomo. Mwaka 2025 makampuni yanayojenga mitambo mikubwa ya akili bandia yalianza kununua kumbukumbu kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na aina wanayoitaka hula nafasi kubwa zaidi ya kiwanda kuliko RAM ya kawaida ya nyumbani. Fikiria kinu cha mtaani ambako kila mama hupeleka mahindi yake ya bukari. Siku moja anakuja tajiri na malori kumi, analipa mbele, anataka unga wake usagwe kwanza. Kinu hakijaharibika na mahindi hayajaisha, lakini wewe mwenye debe moja utangoja, na mwenye kinu atakutajia bei mpya. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kabisa kuuza RAM kwa watu wa kawaida chini ya jina la Crucial, ili nguvu zake ziende kwa wateja hao wakubwa. Katika miezi hiyo ya mwisho wa mwaka bei ya RAM madukani ilipanda zaidi ya mara mbili, na diski za SSD, zinazohifadhi mafaili, nazo zikaanza kufuata.

Labda utasema: lakini yeye RAM yake aliinunua zamani, kwa bei ya zamani! Huenda ni kweli. Ila akikuuzia kwa bei ya zamani, pesa hiyo haitamtosha kurudisha mzigo dukani. Kwa hiyo anahesabu bei ya kununua tena, kama afanyavyo muuza mafuta au muuza sukari. Dola 150 kwa giga 16 iko juu, lakini haiko mbali na ukweli.

Sasa mjomba. Uchungu wake ninao hata mimi. Hakuna mtu wa Lubumbashi anayeweza kutazama malori yakielekea mpaka wa Kasumbalesa bila kujiuliza swali hilo. Lakini tupige hesabu. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna shaba kwenye nyaya, kwenye vipozea joto na kwenye bodi. Tuseme nusu kilo. Hata tukiweka dola 12 kwa kilo, hiyo ni dola 6. Kobalti iko kwenye betri ya laptop, na ni makumi machache ya gramu. Hata kwa dola 50 kilo, haifiki dola 5. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Serikali ilipozuia kuiuza nje Februari 2025, kisha ikaweka viwango kuanzia Oktoba mwaka huohuo, bei ya kobalti yenyewe ilipanda sana. Laptop hazikuonyesha tofauti ya maana kwa sababu hiyo. Kwa hiyo madini si chanzo cha bei unayolipa. Mjomba ana haki akisema kwamba tunabaki na sehemu ndogo mno ya thamani. Kosa lake ni kudhani kwamba thamani hiyo imefichwa ndani ya shaba. Imo katika kazi inayofanywa juu ya madini, na kazi hiyo haifanyiki kwetu.

Kazi yenyewe ni ya aina gani? Chipu, yaani ubongo wa kadi ya grafiki, ya Nvidia au ya AMD haitengenezwi na makampuni hayo. Wao huchora tu. Kwa miaka mingi sasa chipu zao nyingi na za kisasa zaidi zinachongwa Taiwan na kampuni ya TSMC, ambayo pia huchonga za simu za Apple. TSMC nayo hutegemea mashine za kampuni moja tu ya Uholanzi, ASML, ambayo peke yake duniani inajua kuunda mashine za mwanga zinazochora mistari midogo kiasi hicho. Mashine moja ya namna hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 150. Zamani kila kizazi kipya cha chipu kilikuwa na nguvu zaidi na pia kilipunguza gharama ya kila kijisehemu chake, ndiyo maana tulizoea kwamba kompyuta ya mwaka kesho itakuwa bora na rahisi kuliko ya leo. Mazoea hayo yameisha. Vijisehemu bado vinapungua ukubwa, lakini gharama ya kuvichonga inapanda karibu kwa kasi ileile. Sehemu hii ya bei ni ya kweli, na hakuna wa kumlaumu.

Lakini tukilinganisha na ile ya kaka mtu ya mwaka 2017, tunapata picha ambayo wengi hawaitegemei. Wakati huo kijana mwenye dola 700 angeweza kuweka ndani kadi ya GTX 1060 ya Nvidia, ya giga 6, iliyotoka 2016 kwa dola 249. RTX 5060 unayouziwa leo ilitoka 2025 kwa dola 299. Dola nayo imepoteza nguvu: dola 249 za 2016 ni kama 330 za 2025. Kwa hesabu hiyo kadi ya daraja hili haijapanda, imeshuka kidogo, na ina nguvu mara kadhaa. Ukiishia hapo utasema watengenezaji ni watu wema.

Mimi siishii hapo. Angalia kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo ni tofauti na RAM ya kompyuta. GTX 1070 ya 2016 ilikuwa na giga 8. RTX 3060 ya 2021 ilikuwa na 12, kwa dola 329. Kisha RTX 4060 ya 2023 ikarudi kwenye 8, na RTX 5060 ya 2025 ikabaki kwenye 8. Magemu mapya yanahitaji zaidi kila mwaka, na kadi ikijaa, picha hukwama hata kama chipu yake ni ya haraka. Mwanao ananunua kadi nzuri ambayo imewekewa kikomo tangu kiwandani, na kikomo hicho kitamsukuma kununua nyingine mapema kuliko ilivyostahili. Hilo siliiti gharama. Ni uamuzi wa kibiashara.

Na ukipanda ghorofa ya juu mambo yanakuwa wazi zaidi. Kadi ya juu ya Nvidia kwa wachezaji wa kawaida, GTX 1080 Ti, ilitoka 2017 kwa dola 699, ambazo leo ni kama 900 na kitu. RTX 5090 ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999. Silikoni imepanda bei, ndiyo, lakini haielezi tofauti yote hiyo. Hesabu za kampuni yenyewe zinasaidia. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2016, Nvidia ilibaki na takriban senti 56 kwa kila dola ya mauzo baada ya kutoa gharama za kutengeneza bidhaa. Katika mwaka ulioishia Januari 2025 ilibaki na senti 75. Mauzo yake mwaka huo yalikuwa dola bilioni 130.5. Kati ya hizo, bilioni 115 zilitoka kwenye mitambo ya akili bandia, na wachezaji wa gemu walileta kama bilioni 11. Kampuni ambayo wachezaji ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mapato yake haina sababu kubwa ya kuwapunguzia bei. Ni halali kisheria. Ukiniuliza kama ni haki, nitakujibu hapana.

Kuna jambo jingine lililowafundisha wauzaji wa dunia uvumilivu wetu. Kati ya 2020 na 2022 watu walinunua kadi za grafiki kwa maelfu ili kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, na kadi za dola 700 zikawa zinauzwa kwa mara mbili. Watu walilipa. Ethereum iliacha uchimbaji huo tarehe 15 Septemba 2022, lakini bei haikurudi kwenye mazoea ya zamani. Kadi zilizochoshwa kwa kazi hiyo mchana na usiku zikamwagwa kwenye soko la mitumba, na sehemu yake inatufikia sisi. Nitarudi hapo.

Kuhusu safari ya kuja Lubumbashi nitasema kwa kifupi, maana unaijua kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Ile dola 299 ni bei ya Marekani kabla ya kodi. Mzigo unapita Durban au Dar es Salaam kisha barabara ndefu, au unaletwa kwa ndege kutoka Dubai. Mpakani kuna ushuru wa forodha, halafu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei pamoja na ushuru. Muuzaji wetu anaagiza vipande vichache, hana nguvu ya kuomba punguzo kama duka kubwa la Ulaya. Kwa hiyo kadi hiyo ikiuzwa hapa kwa dola 400 hivi, mimi sioni wizi. Ukitajiwa 550 kwa kadi hiyo peke yake, ondoka.

Magemu sasa. Gemu kubwa ilikuwa dola 60 mwaka 2005, ikafika 70 mwaka 2020, na 2025 Nintendo ikauza Mario Kart World kwa 80. Dola 60 za 2005 zina nguvu ya karibu dola 100 za leo, kwa hiyo kwa hesabu ya Mmarekani gemu limepungua bei. Na kulitengeneza kumekuwa mradi wa kutisha: nyaraka zilizofichuka mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212. Mimi siwezi kumlaumu mtu anayeuza kazi ya namna hiyo kwa dola 70.

Ninacholaumu ni mauzo yanayofuata baada ya kulipa hizo 70. Katika magemu ya mpira, kwa mfano, mtoto hununua vifurushi vya wachezaji bila kujua atapata nani. Kampuni ya EA iliingiza dola bilioni 1.62 kwa njia hiyo ya Ultimate Team katika mwaka mmoja tu wa fedha, ulioishia Machi 2021. Pesa hizo zinatoka dola moja moja, na mzazi huziona mwisho wa mwezi. Usiache kadi yako ya benki ikiwa imehifadhiwa ndani ya akaunti ya kijana, hata kama unamwamini. Tena kuna hili: nchi nyingine huwekewa bei za chini kulingana na mifuko yao, lakini mnunuzi wa Kongo hulipishwa kwa dola kama mtu wa Los Angeles. Dola 70 kwa familia ya Kamalondo au ya Katuba ni mzigo mwingine kabisa, na katika hili ninaungana na mjomba bila kusita.

Bahati nzuri hapa ndipo mwenye subira hushinda. Duka la magemu la mtandaoni la Steam lina mauzo makubwa ya punguzo, hasa wakati wa joto la Ulaya na mwisho wa mwaka, na gemu la miaka miwili au mitatu hushuka hadi nusu au robo ya bei. Ukinunua na halikufai, Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Duka jingine, Epic, hutoa magemu ya bure tangu 2018, na sasa ni kila wiki. eFootball ya Konami ni ya bure tangu 2021. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, na inauzwa dola 15. Gemu la Silksong lilitoka Septemba 2025 kwa dola 20 na watu duniani wakaacha magemu ya dola 70 wakalikimbilia. Hayo mawili hayahitaji kadi ya bei ghali. Hesabu na mega (bando la intaneti) pia: gemu kubwa la leo linaweza kuzidi giga 100 za kupakua, na kwa bei ya mega zetu hiyo ni gharama ya pili ambayo hakuna anayeitaja dukani. Na zile USB zenye magemu thelathini ya wizi, tafadhali zikae mbali na mashine itakayobeba kazi za polytechnique. Nimeona kazi za mwaka mzima zikifungwa na virusi kutoka huko.

Basi ufanye nini? Ungeniambia kompyuta ni ya gemu tu, ningekuambia ungoje. Lakini hii ni ya masomo pia, na masomo yameanza. Kungoja RAM ishuke si mpango wa miezi miwili, kwa sababu kiwanda kipya cha kumbukumbu huchukua miaka kujengwa. Hata zile siku za kungoja konsoli (mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni) ishuke zimepita: PS4 ilitoka 2013 kwa dola 399 na 2016 ilipatikana kwa 299, lakini PS5 iliyotoka 2020 kwa 499 ilifikishwa 549 huko Marekani mwaka 2025.

Nisingelipa 1,400, wala nisingemkatalia kijana. Muulize muuzaji, au mwingine, akuundie mashine ya mezani ya kizazi kilichotangulia: bodi inayotumia RAM ya aina ya DDR4, giga 16 zikiwa vipande viwili vya 8, SSD ya giga 500, na kadi ya RTX 3060 ya giga 12 au RX 6600 ya AMD. DDR4 nayo imepanda, usishangae, lakini kwa jumla unapaswa kukaa chini ya elfu moja. Plani za AutoCAD itachora vizuri, na magemu mengi itacheza kwenye skrini ya kawaida. Kinachobaki nunua ondulere (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) na stabilizateri nzuri, kwa maana umeme wetu unaua kompyuta nyingi kuliko uzee. Kama mnakaa mahali ambapo SNEL, shirika la umeme, inakata kila siku, au kijana anahitaji kubeba mashine hadi chuoni, laptop ina faida yake: ina betri. Lakini jua kwamba jina la kadi kwenye laptop halimaanishi nguvu ileile. RTX 4060 ya laptop inaweza kuwekwa na mtengenezaji kwenye wati 35 au kwenye wati 115, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Muuzaji asiyeweza kukuambia wati zake hajui anachouza.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Ukinunua kadi iliyotumika, nenda na fundi unayemwamini, na pesa isitoke mfukoni kabla kadi haijafanyishwa kazi nzito kwa nusu saa mbele yenu. Afungue programu ya GPU-Z aone kama chipu ndiyo ile iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ya programu yake na kuuzwa kama mpya. Asikilize feni, anuse kama kuna harufu ya kuungua, atazame kama skurubu zimeshafunguliwa. Nyumbani, mwite fundi umeme apime volti jioni, saa ambazo mtaa mzima umewasha majiko, na ahakikishe soketi ina waya wa ardhi. Mkishika chuma cha kompyuta na kuhisi inatetema au inapiga kidogo, zimeni, msijaribu kuitengeneza wenyewe, na msifungue kamwe boksi la umeme lililo ndani yake. Hubaki na umeme ndani yake hata likiwa limechomolewa.

Na siku ya kulipa, omba facture yenye majina kamili: kadi gani na giga ngapi, RAM ya aina gani, SSD gani, boksi la umeme la wati ngapi, namba za vipande, na muda wa garantii kwa maandishi. Akikataa kuandika, chukua pesa yako uende duka la pili.